Salama, Bila Jina la Kambi

1.

TANGAZO KWA NDUGU WA WAPANDA MLIMA

Mnaarifiwa kuwa hali ya kila kundi inaonekana kwenye ukurasa wetu. Mkiona neno SALAMA, tafadhali msipige simu ofisini.

Uongozi

2.

Alipiga hata hivyo. Sauti ya mama mtu mzima, kutoka Tabora.

"Binti, nasikia huko theluji inamwagika. Mwanangu yuko kundi la saba."

"Kundi la saba ni salama, mama. Naliona hapa."

"Salama wapi?"

Mimi Aikande, karani wa ofisi hii chini ya mlima, nikatazama skrini vizuri. Makundi mengine yalikuwa na majina ya kambi: Mizizi, Majabali. Matatu yaliandikwa SALAMA tu.

Wapi?

"Nitakupigia, mama."

Kiongozi wa kundi la saba ni Elirehema. Kaka yangu, tumbo moja.

3.

Wewe unayesoma, elewa kwanza. Wasimamizi wa kambi hututumia namba za makundi yaliyofika. Fomula ya jedwali letu la kompyuta inachukua namba ya kundi, inaitafuta kwenye orodha hiyo, inaleta jina la kambi. Ikikosa, inaandika #N/A. Yaani: nimetafuta, sijaona.

Nikabofya kisanduku cha kundi la saba, nikaisoma fomula hadi mwisho. Mtu alikuwa ameiongezea maneno. Maana yake ni hii:

ukikosa, andika SALAMA.

4.

Bwana Temu, meneja wetu, akimwagiza fundi wa kompyuta, mwezi uliopita:

"Hizo alama za ajabu ziondoe. Wateja wanaogopa."

5.

Nikayafuta maneno yale ya fundi.

#N/A

#N/A

#N/A

Nikaanza kuomba liwe kosa. Kosa la kuandika tu, Mungu wangu, kosa dogo la kijinga.

Kundi la tatu: nafasi tupu nyuma ya namba, fomula ikaiona namba nyingine. Nikaifuta. Kambi ya Mizizi. Asante.

La kumi na mbili: limo mstari wa mwisho kabisa, na fomula ilikuwa ikiishia mstari wa juu yake. Nikairefusha. Kambi ya Majabali. Asante.

La saba.

Nafasi tupu? Hakuna.

Herufi O badala ya sifuri kwenye 07? Hapana.

Fomula imeishia njiani? Hapana, hapana. Nikaisoma orodha nzima kwa kidole juu ya kioo, juu hadi chini, chini hadi

Halimo.

6.

"Bwana Temu! Kundi la saba halijafika kambi yoyote!"

"Usinitishe, Aikande. Nimeshamwambia Ngowi awashushe waokoaji wake. Wote wako salama, si umeona mwenyewe?"

"Jedwali halijui waliko! Likikosa jibu linaandika salama. Ninyi ndio mliolifundisha!"

Akaja, akainama kwenye skrini. Alipoinuka alinisukumia redio.

7.

(Juu. Elirehema.)

Nisikie wewe, maana redio hainisikii. Betri imeganda. Tumejibanza nyuma ya mwamba, watu saba. Yule mgeni wa Tabora ameacha kutetemeka, nami najua maana yake: baridi inamuua. Nimemfungia ndani ya koti langu.

Taa za waokoaji ziko chini yetu.

Zinashuka.

Jamani, zinashuka.

Natafuta filimbi shingoni. Midomo imekufa ganzi. Napuliza, inatoka pumzi tupu. Napuliza

8.

"Ngowi, Ngowi, hapa kituo. Geuka. Kundi la saba bado liko mlimani."

"Kituo, si nimeambiwa wote wamefika?"

"Hawajafika! Ni mimi, Aikande. Geuka, kaka Ngowi, nakusihi."

Krrr.

"Tunageuka."

9.

Simu ikalia. Tabora. Bwana Temu akanyoosha mkono, akaurudisha.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba hatujui."

Akainua simu. "Mama… shikamoo, mama. Tulikudanganya. Hatujui walipo. Tunawatafuta."

Sikusikia alichojibiwa. Nilimwona tu akisema "ndiyo mama", "ndiyo mama", jasho likimtoka kwenye baridi ile.

10.

"Kituo, nasikia filimbi. Narudia, nasikia fil"

Krrr.

"Ngowi?"

Krrr.

"…nimewaona. Wamelaliana. Theluji imewafu"

"Wanaopumua ni wangapi? Ngowi! Wangapi?"

Krrr.

"Subiri, dada. Nawagusa mmoja mmoja."