Ng'ombe wa Keraryo Hawana Zizi

Prosper aliweza kuvumilia mambo mengi, lakini si kumwona mdogo wake akiheshimiwa. Yeye ndiye mkubwa. Yeye ndiye mwenye duka la spea za pikipiki Musoma mjini na chumba cha kupanga Makoko. Na bado, kila Jumamosi akirudi nyumbani Buswahili, huko Butiama, watu walimsalimia haraka haraka kisha wakauliza, "Keraryo hajambo?" Kana kwamba yeye ni tarishi wa Keraryo!

Huyo Keraryo mwenyewe alikuwa na mashine ya kusaga tu, Manyamanyama, Bunda. Miaka ile mikopo ilipotolewa kama njugu, kila mtu alikopa: huyu pikipiki, yule mabati, mwingine harusi ya kufuru. Keraryo hakukopa, na Prosper akamcheka kwamba ni mwoga wa kuzaliwa. Kisha pamba ikakosa bei, ziwa likakosa samaki, na wakopeshaji wakaanza kuja na kenta kubeba makochi ya watu. Wote wakataka kuuza ng'ombe kwa wakati mmoja, wanunuzi hakuna, bei ikaporomoka hadi ng'ombe mzima akawa anabadilishwa na simu. Hapo ndipo mwoga alipofungua mfuko.

Na alinunua kwa namna yake. Alimlipa mwenye ng'ombe papo hapo, deni likaisha, kisha akamwachia ng'ombe huyohuyo amfugie: maziwa unywe wewe, ndama ni wangu. Watu wa huko wamewekeshana ng'ombe tangu zamani, lakini nani alishawahi kumwekesha mtu ng'ombe aliyekuwa wake mwenyewe? Majirani wakipita, wanamwona ng'ombe palepale, na aibu haitoki nje ya ua. Keraryo naye hakumtaja mtu.

Hicho ndicho kilichomchoma Prosper. Kama mdogo wake angejaza zizi moja, yeye angelitazama mara moja, akaumia, akaenda zake. Sasa kila ng'ombe wa njiani alikuwa mtuhumiwa. Yule wa kwa Nyamburi? Wale wawili wa kwa Bernado? Alikatiza kijijini kwao akiwachungulia ng'ombe wa watu kama mtoza kodi. Akifika kwake tu ndipo alipopumua. Kizizini mwake alisimama jike mwekundu mwenye baka jeupe pajini, aliyekuja na mahari ya binti yao Happyness. Ng'ombe mmoja, lakini wake.

"Afadhali sisi," alimwambia mkewe, Matrida, huku akimpigapiga ng'ombe mgongoni. "Huyu hapa kila mtu anamjua ni wa nani."

Matrida aliinamisha kichwa akaendelea kukamua.

Walipokaa kikao cha kupanga misa ya kumbukumbu ya mama yao, shangazi Scholastika aliuliza kitoweo kitatoka wapi. Prosper hakumpa Keraryo nafasi hata ya kukohoa.

"Mimi natoa ng'ombe wangu, yule mwekundu."

"Jike la maziwa, Prosper?"

"Kwa mama yangu sichagui."

Keraryo alimtupia Matrida jicho, kisha akasema polepole, "Kaka, huyo mwache. Mimi nitaleta dume kutoka Bunda."

"Dume la kwa nani?" Prosper alifoka. "Wewe ng'ombe zako zinalalaga kwa watu. Mimi nachinja ya kwangu!"

Wazee wakapiga makofi, na Prosper akanenepa palepale alipokaa.

Asubuhi ya misa, visu vimeshanolewa na kamba iko shingoni mwa ng'ombe, Matrida alimvuta mumewe nyuma ya jiko.

"Baba Happyness, huyo ng'ombe si wetu."

"Unasemaje?"

"Nilimuuza kwa shemeji. Ile hela niliyokuletea ya kodi, mwenye nyumba alipotaka kukufungia duka, ulifikiri imetokaga wapi? Niliikopa kwenye kikundi. Marejesho yakanishinda, wakasema wanakuja na kenta. Shemeji akalipa. Akaniambia, 'Kaka asijue. Maziwa mnywe.'"

Prosper hakuwaza deni, hakuwaza duka. Aliwaza Jumamosi zote alizompigapiga mgongoni ng'ombe wa Keraryo akisema afadhali sisi. Kule kizizini wanaume walikuwa wakiita, "Prosper, tumwangushe?" Wageni walishaanza kufika.

Hapakuwa na namna. Alimwendea mdogo wake, aliyekuwa akipanga viti chini ya turubai, akasimama mbele yake kama mtu aliyekuja kukopa. Keraryo alimtazama usoni, akamtazama Matrida aliyesimama mbali, akaelewa.

"Ni wa mama yetu," alisema kwa sauti ya chini. "Chinja, kaka."

"Nitakulipa."

"Viti havitoshi," Keraryo akasema. "Waambie vijana wakachukue vingine kwa Bernado."

Watu walikula wakasaza. Shangazi Scholastika, mafuta yakimng'aa midomoni, alisimama kumshukuru Prosper, mwana anayejua mama ni nani. Vigelegele vikapigwa. Kisha akamgeukia Keraryo na kumnyooshea kidole mbele ya umati.

"Na wewe, na mashine yako! Hata kuku hukuleta. Jifunze kwa kaka yako."

Watu wakacheka. Prosper alikuwa na pande la nyama mdomoni, likakataa kwenda mbele wala kurudi nyuma. Sasa atasema, aliwaza. Alitamani aseme, wagombane, yaishe, apate walau sababu ya kumchukia.

Keraryo aliinama kwa heshima. "Kweli, shangazi. Nitajifunza." Kisha akaomba chumvi.

Prosper alimwangalia akila taratibu, kichwa chini, kama mgeni yeyote. Mwaka mzima alikuwa amemwonea wivu kwa ajili ya ng'ombe. Siku ile alimwonea wivu kwa ajili ya ule ukimya, na huo asingeupata mnadani hata bei zianguke vipi.