Miguu ya Mama Obedi

Mama Obedi hakujua kunyamaza, na mdomo ndio uliomponza. Mishipa ya miguu yake ilipoanza kuvimba na kujisokota kama minyoo chini ya ngozi, hakufikiria miaka yote aliyosimama kiwandani akikata minofu ya sangara tangu asubuhi hadi jioni. Wapi! Alikwenda kwa mganga kule Magu, akachanjwa, akaambiwa amekanyaga dawa aliyotegewa mlangoni na jirani mwanamke. Na pale Mabatini, jirani mwanamke wa ukuta kwa ukuta alikuwa mmoja tu: Mwanvua, Mama Nusrat, mpika chapati.

Basi akalibeba neno hilo mpaka bombani, wanawake wamejipanga na ndoo zao.

"Huyu ndiye aliyenitegea!" akapayuka. "Muulizeni alinifukia nini mlangoni!"

Akatia na chumvi, maana hiyo hakunyimwa. Mwanvua aliapa, akalia mbele ya watu, lakini nani wa kumsikiliza? Wateja wakaanza kupitia upande wa pili wa barabara. Nani ale chapati za mchawi? Jiko la Mwanvua likapoa, na Mama Obedi, jamani, akafurahi.

Mwaka huu kidonda kikamtoka juu ya kifundo cha mguu, kikakataa kupona. Binti yake, Queen, akachoka kubishana naye, akamkokota hadi kliniki mjini. Daktari Maige akampitishia kipimo cha ultrasaundi mguuni, akamwonyesha kwenye skrini damu inayotakiwa kupanda moyoni ikiteremka na kutuama, kwa kuwa vilango vya ndani ya mshipa vimelegea.

"Kazi yako ni ya kusimama, mama?"

"Ya kusimama, kwenye meza ya kukatia samaki."

"Na mama mzazi alikuwa na miguu kama hii?"

Mama Obedi akamkumbuka mama yake kule Ukerewe, akijifunga miguu kwa vipande vya khanga kila asubuhi. 

"Alikuwa nayo," akasema. "Daktari, kwa hiyo mtu hawezi kutegewa hii?"

"Labda na meza ya samaki," daktari akacheka.

Yeye hakucheka.

Alitegemea visu na kulazwa wodini. Haikuwa hivyo. Alichomwa ganzi, kikatobolewa kitundu kidogo, ukapitishwa waya mwembamba wa leza, mshipa mbovu ukaunguzwa kwa ndani ukajifunga. Akavalishwa soksi ndefu ya kubana, akaambiwa ashuke kitandani atembee. Basi! Kitu alichomwitia mwenzake mchawi kilikuwa kinazibwa kwa waya. Machozi yakamtiririka. Nesi akadhani ganzi imekwisha, akamuuliza panauma wapi, naye akashindwa kumwonyesha.

Jioni ile alipita uani kama mwizi, akamkuta Mwanvua peke yake anachambua mchele.

"Mama Nusrat, nimekuja kukuomba radhi. Nilikusingizia. Ni ugonjwa tu, wa kusimama na wa kurithi."

Mwanvua hakuinua macho kwenye ungo.

"Mama Obedi, uliniita mchawi mbele ya watu. Radhi ndiyo unaniletea uani, tena kwa kunong'ona?"

Weee! Mama Obedi alitamani ardhi ipasuke immeze. Miguu hiyo alikuwa anaifichia kwenye magauni ya kuburuza, hata mumewe hajaiona vizuri. Lakini akatazama lile jiko lililopoa, akaona aibu ya miguu si kitu mbele ya aibu hii nyingine. Akapiga moyo konde, akatoka kwa mlango wa mbele mpaka kwenye genge la mboga, palipokuwa pamejaa wanunuzi. Mwanvua akamfuata, ungo bado mkononi.

Mama Obedi akapandisha gauni mpaka magotini. Mguu mmoja ulikuwa na soksi, mwingine ukiwa na mishipa yake yote nje nje. Watu wakaguna.

"Huu ni ugonjwa!" akasema. "Marehemu mama alikuwa nao. Mama Nusrat hakunitegea kitu. Nilimsingizia mimi, kwa mdomo wangu huu."

 Akageuka kumtazama Mwanvua, akitegemea labda mkono, labda hata tusi. Mwanvua alikuwa amesimama tu, machozi yanamdondokea kwenye mchele.

"Sema tena," akamwambia. "Wale wa nyuma hawajasikia."