Kiti Kimepanda Inchi Moja na Nusu

Mtu akiacha baiskeli ya polepole akachukua baiskeli ya mbio, atafika nyumbani mapema au atachelewa? Hata mtoto wa chekechea atakujibu. Basi mke wangu aliacha ile ya polepole, akachukua ya mbio, na akaanza kuchelewa.

Kwa miaka tisa alikuwa na baiskeli ya kukunja, zile zenye magurudumu madogo. Yeye hutengeneza meno ya bandia, na karakana yao iko mwendo wa dakika ishirini kutoka kwetu. Saa kumi kamili anavua aproni, saa kumi na dakika ishirini yuko mlangoni, anaikunja baiskeli na kuisukuma chini ya meza yangu ya kukatia. Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi sebuleni. Bila kuinua mguu kwenye pedeli ya cherehani namuuliza: umepita njia gani, umekutana na nani, yule daktari mwenye gari alikuja tena leo, mbona saa sita nimepiga simu hukupokea. Anajibu yote. Tuliishi vizuri.

Jumamosi moja akaja na kitu chembamba, usukani umepinda kwenda chini, matairi membamba kama mkanda wa suruali.

"Ile ya kukunja nimekuachia wewe, Fundi," alisema. "Itakufaa kwendea dukani kununua uzi."

"Na hii inakunjwaje?"

"Haikunjwi."

Alilisema hilo akitabasamu, na tabasamu lile sikulipenda hata kidogo.

Wiki hiyo hiyo akaanza kufika saa kumi na moja na nusu, jasho linamtiririka, uso unang'aa. "Nimezunguka kidogo," anasema. Kuzunguka! Wapi? Na nani? "Barabarani. Peke yangu." Kisha huyo, bafuni. Siku moja nikamsikia huko ndani anapiga mluzi. Nimeishi naye miaka kumi na sita, sikuwahi kujua kwamba anajua kupiga mluzi.

Mwezi wa pili akaniletea suruali mbili nizipunguze kiuno. Nikampima: inchi mbili hazipo. Mimi nimepima viuno vya watu nusu ya maisha yangu, na najua mtu hapungui inchi mbili hivi hivi. Anapungua kwa sababu kuna macho ya mtu mahali.

Hapo nikaanza upelelezi kwa vifaa nilivyonavyo. Kila jioni akiingia bafuni, nachukua tepu yangu napima bomba la kiti cha baiskeli, naweka alama ya chaki. Nilijiambia, akiiendesha mtu mwingine, lazima atarekebisha kiti kilingane na miguu yake. Siku kumi na mbili kiti hakikusogea. Siku ya kumi na tatu kilikuwa kimepanda inchi moja na nusu.

Nikakaa sakafuni pale pale. Mwanamume. Tena mrefu kunizidi. Nikamkadiria mpaka urefu wa suruali yake, kwani kazi yangu ndiyo hiyo, na nikamchukia kwa moyo wangu wote.

Nikaenda kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kinyozi. Alikuwa katikati ya kidevu cha mteja.

"Shemeji, dada yako ana mtu."

"Una ushahidi?"

"Inchi moja na nusu."

Alicheka mpaka mteja akamwomba aweke wembe chini. Alipomaliza akafuta macho. "Sasa, shemeji, mwenyewe umemuuliza?"

"Kila siku namuuliza!"

"Najua," akasema, akarudi kwenye kidevu chake. Niliondoka nimenuna. Ndugu ni ndugu, watalindana tu.

Alhamisi nikafunga kazi saa tisa na nusu, nikaitoa ile baiskeli ya kukunja, nikajibanza karibu na karakana. Alipotoka nikamfuata. Jamani! Yeye akikanyaga pedeli mara moja, mimi mara tano. Kofia yangu ilipeperuka, sikurudi kuiokota. Dakika tatu tu akanipotea. Lakini barabara ile inazunguka bwawa la maji na haina njia nyingine ya kutokea, kwa hiyo nikaendelea kuchochea huku kifua kinawaka moto.

Nilimkuta ameketi kwenye benchi upande wa pili wa bwawa. Nikajificha nyuma ya kibanda cha pampu, nikamngoja yule bwana mrefu atokee.

Zikapita dakika tano. Zikapita kumi. Mke wangu alimenya chungwa taratibu. Simu ilikuwa kando yake, hakuigusa. Alikula kipande kipande, na mbegu alizitema majini kwa nguvu zake zote. Ikifika mbali, anacheka peke yake. Hakuja mtu. Niliomba aje. Kweli niliomba, nikiwa nimesimama pale. Mwanamume ningemtukana, ningepigana naye hata kama angenichapa. Sasa hapa nilikuwa nimekuja kupigana na nani?

Nilipojaribu kurudi nyuma, breki zikapiga kelele. Akageuka. Ikabidi nitoke, nikikokota baiskeli.

"Kiti nilikipandisha mwenyewe," akasema kabla sijafungua mdomo. "Magoti yalikuwa yananiuma. Chaki yako niliiona tangu siku ya kwanza."

"Nilikuwa na wasiwasi, mke wangu. Nilitaka kujua tu uko wapi, uko na nani..."

"Hata hapa?"

Hakupaza sauti. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua, machozi yakimlengalenga, maganda ya chungwa bado yako mkononi. Nilijua kabisa kwamba nikikosea jibu hili nimempoteza. Nikafungua mdomo, na nikajisikia nikisema:

"Kwani huwa unakaa hapa mpaka saa ngapi?"