Harusi ya Mzee Mfukohuru

Drocella alikuwa msichana wa miaka thelathini na mmoja, lakini kila Jumamosi asubuhi aligeuka mzee wa miaka sabini. Aliketi jikoni kwa mama yake, kule Gashonga, akaandika kwenye simu makala kuhusu pesa kwa jina la Mzee Mfukohuru, mhasibu mstaafu, kisha akaisambaza kwenye makundi ya WhatsApp, ng'ambo zote mbili za mto Rusizi, mto wa mpakani. Angefanyaje? Alipojaribu kuandika kwa jina lake mwenyewe, watu walimuuliza kama ameshapata mume. Mzee hakuulizwa chochote. Mzee alisikilizwa.

Somo la Mzee lilikuwa moja tu: weka akiba mpaka siku ile utakapofanya kazi kwa kupenda, si kwa kuogopa njaa. Drocella mwenyewe alikuwa mbali na siku hiyo. Aliacha kazi katika duka la vitenge mjini Kamembe ili aishi kwa kuandika, na mpaka sasa kuandika kulikuwa kumemletea vocha za simu na sifa asizoweza kuzidai. Basi moyo ulimruka siku alipopigiwa simu na Christophe-Aimé, mhariri wa gazeti moja la Bukavu, ng'ambo ya pili. Huyo peke yake alijua Mzee ni nani, na alitaka safu ya kila wiki, kwa mshahara.

"Lakini minataka kwanza kuona kama batu banamufuata kweli," alisema. "Samedi mi navuka mpaka. Na Mzee abakie mzee, unasikia? Batu banamwamini juu ya mvi yake."

Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kikao cha michango ya harusi ya Drocella na mchumba wake Hirwa. Akaona bahati imemdondokea: mhariri angekaa kama mgeni, asikilize watu wakimtaja Mzee, aondoke ameridhika. Kitu kimoja kilimtoka akilini. Wiki tatu nyuma, kwa tamaa ya kusomwa, Mzee alikuwa ameandika makala kali kuliko zote, kwamba uhuru wa mtu unaanza siku anayokataa kuchangia harusi. Makala ilisambaa mpaka Nzahaha na Bugarama, na Drocella, kwa jinsi alivyochekelea, hakukumbuka hata kidogo kwamba na yeye ni bibi harusi.

Watu kama arobaini walijaa uani. Pombe ya ndizi ilimiminwa, salamu zikaisha, na Dusabe, jirani wa karibu, akasimama wa kwanza, akamgeukia mama yake Drocella.

"Maman, tunakupenda sana. Lakini Mzee Mfukohuru anasema tusitoe. Mi sitoi."

Wa pili akasema hivyohivyo. Wa tatu naye. Kisha baba mdogo Ciza, mwenyekiti wa kikao, akavaa miwani na kuisoma makala nzima kwenye simu yake, taratibu, kwa sauti ya padri. Watu waliitikia kwa vichwa. Kwenye kona Christophe-Aimé aliandika mbiombio huku akimwonyesha Drocella kidole gumba. Drocella alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mama yake, Nyiransabimana, hakulia wala kufoka. Aliwatazama mmoja mmoja.

"Dusabe, ku harusi yako nilileta kasha mbili ya bia. Ciza, mutoto wako wa kwanza akioa, nilitoa mbuzi. Miaka makumi mbili mi natoa. Mi sikukuwa na banque. Banque yangu ilikuwa nyinyi."

Drocella aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kwa miaka miwili alikuwa akiwafundisha watu akiba, na akiba ya mama yake mzazi hakuijua, tena ndiye aliyeifuta.

"Ni kweli, Maman," Dusabe alinong'ona. "Lakini Mzee amesema."

Drocella akasimama. Christophe-Aimé akatikisa kichwa kwa nguvu: usithubutu.

"Mzee Mfukohuru ni mimi."

Kicheko kilichofuata kiliwatimua kuku. "Ikala chini, mutoto," Ciza alisema akipangusa machozi. "Mzee iko na mvi."

Drocella hakubishana. Alishika simu, akaandika mistari miwili, akabonyeza. Simu zikalia uani kote kwa mpigo mmoja, mifukoni, kwenye pochi, hata ile iliyofichwa kifuani mwa bibi mmoja. Ciza akaivaa tena miwani, akasoma: "Mimi Mzee Mfukohuru nasema, kabla ya kufunga mfuko wako, rudisha kwanza ulichokula. Dusabe, anza na kasha mbili."

Ciza akavua kofia polepole. "Mbuzi," alisema. "Minaleta mbuzi." Dusabe akataja makasha matatu, moja la aibu. Waliobaki wakafuata wakisukumana.

Christophe-Aimé alifunga daftari lake, na Drocella akajua kazi imekwenda na maji.

"Mzee wako amekufa leo, pole," mhariri alisema. "Lakini mi sijaona muntu wa kufungisha batu mifuko na kuifungulisha mbele ya gilasi moja kuisha. Andika kwa jina yako. Miezi tatu, tuone. Na ule mushahara, njo uleule."

Drocella alikimbilia jikoni kumweleza mama yake. Nyiransabimana alisikiliza mpaka mwisho, akifunika sufuria ya maharagwe.

"Nimefurahi," alisema. "Sasa uyu Mzee wako. Miaka mbili anaandikia mu jikoni yangu, anakula muhogo yangu, na ku kikao hakutaja kitu. Yeye anatoa ngapi?"

Drocella, mwenye jibu la kila swali la pesa, alianza kuhesabu kwa vidole.

"Mshahara wa kwanza," alisema mwishowe. "Wote."

"Na wa pili," alisema mama. "Amekula sana."