Vidonge Viwili vya Bi Mauwa

Nduku aliamka treni ikiwa imesimama Ruvu. Nje bado giza. Kilichomwamsha ni ukimya: Bi Mauwa, aliyelala kitanda cha chini, alikuwa ameacha kukoroma.

Walibaki wawili tu chumbani baada ya wanawake wengine kushuka Morogoro. Nduku alikuwa fundi cherehani wa Machakos, Kenya, na hakuwahi kusafiri peke yake nje ya nchi. Alitoka Kondoa kutazama michoro ya kale kwenye miamba, akapandia treni Dodoma. Bi Mauwa alikuwa akirudi kwake Chamazi baada ya kumwona binti yake aliyejifungua. Nduku alipomwita nyanya, kwa heshima ya kwao, mzee alicheka mpaka akafuta machozi.

"Nyanya zipo sokoni, mwanangu. Mie niite bibi."

Baadaye bibi akalalamika kifua kinamchoma. Nduku akampa vidonge viwili vya maumivu, vile anavyomeza mwenyewe kichwa kikimuuma. Bibi akavishushia na chai, akashukuru, akalala.

Sasa Nduku aliteremka taratibu, akamwita. Akamgusa mkono. Ulikuwa wa baridi, na alipouachia ulianguka kama kitu kisicho na mwenyewe.

Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango. Treni ikashtuka, ikaanza kwenda, na kichwa cha bibi kikageukia upande wake. Nduku akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Kule stesheni Dodoma walitangaziwa abiria wasipokee chakula wala kinywaji cha mtu wasiyemjua. Yeye ndiye huyo mtu. Mgeni, hana ndugu wala jirani nchi nzima, na pakiti ya dawa imo kwenye mkoba wake. Nani angemwamini? Akaitoa, akashusha kioo cha dirisha, akatoa mkono nje. Vichaka vilipita vyeusi. Angeweza kuitupa, apande kitandani kwake, ajifanye amelala.

Simu ikaita ndani ya fundo la khanga ya bibi.

Iliita ikakatika, ikaita tena. Nduku alifungua fundo lile macho ameyaelekeza ukutani, asiuone uso. Kwenye kioo palikuwa na jina: Mudathir.

"Mama, mmefika wapi? Niko hapa Gongo la Mboto nawasubiri, nimekuja na bajaji."

"Kaka, mimi si mama. Nilikuwa naye chumba kimoja."

"Mpe simu basi."

"Siwezi kumpa." Akasikia jogoo wakiwika upande wa pili. "Mama hapumui. Amekuwa baridi. Pole sana, kaka."

Simu ikakatika.

Nduku akamwita mhudumu wa behewa, mwanamume mtaratibu aliyeitwa Venance. Venance alimtazama bibi, akavua kofia, akamfunika khanga usoni. Halafu akamgeukia Nduku.

"Alikula nini jana?"

Pakiti ilikuwa bado kiganjani, imelowa jasho. Akamnyooshea.

Gongo la Mboto kulikuwa kumepambazuka. Polisi wawili walimshusha mbele ya abiria waliojaa madirishani, wengine wameinua simu kumpiga picha. Mudathir alimpita bila kumtazama, akaingia behewani kumfuata mama yake. Kwenye kituo cha polisi wakachukua pasipoti ya Nduku na dawa, wakamweka kwenye benchi. Kila mlango ulipofunguliwa, Nduku alisimama akidhani wamekuja kumfunga. Alijaribu kuikumbuka namba ya dada yake, ikamponyoka kichwani.

Adhuhuri imepita, Mudathir akaja, macho mekundu.

"Daktari anasema ni moyo. Alikuwaga na tatizo hilo muda mrefu, dawa zake kaziacha nyumbani. Anasema vidonge vyako havikumuua."

"Vingeweza kumsaidia?"

"Hapana. Alihitaji hospitali." Akaketi kwenye benchi. "Lakini vilimtuliza, na alipotulia hakumwambia mtu mwingine yeyote kwamba anaumwa. Hilo ndilo linanisumbua, sista."

Polisi wakamrudishia Nduku pasipoti, wakamwachia. Basi la Kenya lilikuwa la asubuhi, na hakuwa na pa kulala. Mudathir akamchukua Chamazi, akamwonyesha mahali kwenye mkeka, katikati ya wanawake. Walizika alasiri hiyo. Mnong'ono ukatembea toka ukuta hadi ukuta: ndiye huyo, ndiye aliyempa vidonge.

Salma, mdogo wa marehemu, alikuja kukaa mbele yake.

"Shikamoo," Nduku alisema kwa sauti ndogo.

Salma hakuitikia. "Dada yangu aliogopa?"

"Hapana, bibi. Alicheka sana. Akashukuru, akalala."

Salma alimtazama muda mrefu, akitafuta uongo usoni mwake. Nduku hakuthubutu hata kupepesa macho. Mwishowe mama yule akasogeza sahani ya wali mbele yake, akainuka.

Nduku alikula matonge machache kwa sababu wote walikuwa wakimwangalia. Usiku hakufumba macho. Kila mkoromo wa wale wanawake ulipokatika, aliinuka kwa kiwiko, akasubiri gizani mpaka mwenye mkoromo avute pumzi tena.