Maili za Fawaz

Alasiri ile, katika ua wa nyumba moja mjini Karak, juu mlimani, walikuwapo watu wanne: Fawaz, mwenye gari, Rasmiya, mkewe, Ami Jadaan, msemaji wa ukoo, na Khazir, fundi aliyeitwa kutazama maji na upepo tu. Kabla ya magharibi Ami Jadaan alitakiwa awe Ghor Safi, chini bondeni, kumposea mjukuu wake mke. Asipofika, kahawa ya wenyeji ingepoa bila kunywewa, na posa ingekufa.

Khazir aliitegea injini sikio. Mlikuwa na mlio mwembamba, mfano wa ukucha unaokwaruza bati.

"Mkanda wa injini ulibadilishwa lini?"

"Zamu yake bado," Fawaz alisema. "Kitabu cha kiwanda kinasema kilomita elfu mia na sitini. Mita inasoma elfu mia na kumi na nane. Nyinyi mafundi mngetaka tubadilishe hata honi kila Ijumaa!"

Ami Jadaan alicheka. "Mwache, fundi. Huyu hata kabla ya kumjibu mkewe husoma kitabu kwanza."

Kweli, Fawaz alijivunia kitabu kile. Majirani walibadilisha oili ovyo na kupoteza fedha. Yeye, kwa miaka minne, hakuwahi wala hakuchelewa.

Rasmiya alikuwa akifuta vumbi kwenye mita. Mkono wake ukasita.

"Baba Nuha, gari hili si lilitoka Amerika?"

"Lilitoka huko. Kwani?"

"Hapa pameandikwa maili."

Fawaz alizidisha kichwani, akarudia, kama mtu anayehesabu ngazi gizani: karibu kilomita elfu mia na tisini. Kila zamu aliyodhani ameitimiza, ilikuwa imempita zamani.

Khazir alifungua kifuniko. Mkanda ulikuwa na nyufa kama kisigino cha kiangazi. Meno matatu hayakuwapo.

"Ukikatika mteremkoni," alisema polepole, "injini inazima. Breki inakuwa ngumu kama jiwe, usukani vilevile. Na kona za kule unazijua."

Fawaz alizijua. Ijumaa iliyopita alizishuka na binti zake watatu, wakiimba.

"Mkanda umevumilia hadi leo," Ami Jadaan alisema, akilitazama jua. "Utashindwa na saa moja? Twende, mwanangu, tutaaibika."

Fawaz aliuchomoa ufunguo, akautia katika kiganja cha Khazir.

"Ami, utashuka kwa pikapu ya fundi, hata kama joho lako litanuka grisi. Mama Nuha, wapigie wenyeji simu, waambie tumechelewa kwa kosa langu. Gari hili haliteremki."