Geti la Farasi wa Mwituni

Kaka yangu anachomelea mageti. Mtaa mzima umejifungia kwa kazi ya mikono yake, na ukipita asubuhi utamkuta uani kwake amevaa miwani myeusi, cheche zinaruka, redio inapiga kelele ambazo mwenyewe hazisikii. Fundi hodari, nampa haki yake. Ila kwenye maneno Mungu alimnyima, na hilo ndilo lililotuponza.

Wifi yangu alipofariki hospitalini, mtoto wao tunayemwita Kinda alikuwa bado hajaanza shule. Nilimchukua kwangu mpaka mazishi yakaisha. Aliporudi nyumbani akauliza mama yuko wapi, na kaka yangu, badala ya kujibu, akachukua kitabu. Ni kile cha farasi wa mwituni, ambacho mama yake alikuwa akimsomea hadi kurasa zikalegea. Farasi hakubali kamba wala tandiko, anavunja uzio, anavuka milima. Kaka akamwambia mama naye ameenda hivyo hivyo.

Jamani, mtu mzima anasahau vipi kitabu kinavyoisha? Ukurasa wa mwisho farasi anarudi. Hakuna aliyemfuata, hakuna aliyemwita. Amekuta tu geti limeachwa wazi, akaingia mwenyewe, mgongo umelowa umande. Mtoto aliijua picha ile kuliko anavyoijua sura yangu.

Basi akaanza kufungua geti. Baba akifunga, yeye anakokota kigoda, anapanda, anavuta komeo. Kuku wa jirani wakaingia, mbwa wakaingia, nasi tukacheka kidogo, maana kicheko kilikuwa kimeadimika nyumba ile. Halafu sikuweza tena kucheka. Nikamwambia kaka amweleze mtoto ukweli. Akasema kesho, na kesho ya kaka yangu naijua tangu utotoni. Jioni moja nilimkuta yeye mwenyewe amesimama pale getini, anatazama barabara.

Kisha wezi wakaja wakabeba mashine ya kuchomelea. Hawakuhitaji kuvunja kitu. Kaka akaja juu, akaazima mashine ya fundi mwenzake, akachomelea komeo jipya juu kabisa, mahali ambapo mtoto hafiki hata kwa kigoda. Kinda alilia mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyemsikiliza, na mimi nilikuwepo.

Kesho yake nilimganda kaka mpaka akakubali. Tukaketi watatu sebuleni, mtoto katikati, kitabu mapajani mwake.

"Mama alikufa, mwanangu," kaka akasema. "Hayuko milimani. Hatarudi."

Nilishusha pumzi, nikashukuru kwamba hatimaye limesemwa.

Kinda alitulia. Alimwangalia baba yake bila hasira yoyote, kama mtu anayeuliza njia.

"Ni kwa sababu jana ulifunga?"

Tulisema yote tuliyokuwa nayo. Tulimweleza ugonjwa, hospitali, kwamba mama alikufa zamani, kabla hata ya komeo kuwekwa. Nilimpeleka mpaka kaburini. Alisikiliza kwa adabu, vile anavyowasikiliza wageni, kisha akanieleza taratibu, kwa kuwa aliona sielewi: "Alikuwa anakuja, shangazi. Alikuwa amekaribia."

Siku hiyo hiyo kaka yangu aliwasha grinda akakata bawaba zote. Geti limelala uani mpaka leo, na wapita njia wanatania kwamba fundi mageti amejisahau mwenyewe. Wezi wakitaka waingie, hakuna wa kuwazuia. Kaka husimama pale penye uwazi akamwita binti yake aje aone kwamba pako wazi, hapatafungwa tena. Namsikia anavyoita. Kinda yuko chumbani, amegeukia ukuta, haitiki.